Mafundi wa Nuru Isiyoonekana



Mgonjwa aingiapo hospitali, mtu wa kwanza kumwulizia ni daktari. Ndivyo ipasavyo, kwa kuwa daktari ndiye asikilizaye maneno yake, ndiye amgusaye penye maumivu, na ndiye aandikaye dawa. Walakini nyuma ya daktari wako watu wengine ambao mgonjwa hawajui kwa jina wala kwa sura. Hao hawakusoma uganga. Walisoma fizikia, yaani elimu ya nguvu, nuru, joto na mwendo wa vitu. Ama walisoma uhandisi, yaani ufundi wa kuunda mitambo. Kazi yao ni kuitumikisha elimu hiyo kwa faida ya mwili wa binadamu.

Katika maongezi haya twataka kueleza habari za watu hao. Nazo ni nyingi, hazimaliziki kwa siku moja. Kwa hiyo tumechagua moja tu, ambayo wengi wetu tumekwisha kuisikia, nayo ni habari ya eksirei. Neno tutakalolishika toka mwanzo hata mwisho ni kipimo. Kitu chenye nguvu hakiwi dawa mpaka kipatiwe kipimo chake. Na historia ya eksirei ni historia ya watu waliokitafuta kipimo hicho, wengine kwa gharama ya mikono yao, na wengine kwa gharama ya maisha yao.

Tuanze katika mji wa Würzburg, nchi ya Ujerumani, mwaka wa 1895. Huko alikuwako mwalimu wa chuo kikuu, jina lake Wilhelm Conrad Röntgen, mtu wa miaka 50, mpole, apendaye kufanya kazi peke yake. Wataalamu wengi wa siku zile walikuwa wakichunguza mwendo wa umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa karibu yote. Hata jioni ya tarehe 8 Novemba Röntgen aliifunika chupa yake kwa karatasi nene nyeusi, akakitia chumba giza, akapitisha umeme. Mara akaona ajabu. Karatasi nyingine, iliyopakwa chumvi ya madini ya bariamu na kuwekwa mbali kidogo, ilikuwa ikimetameta gizani. Nuru ya kawaida haikuweza kutoka katika kifuniko kile. Basi hapana budi ilikuwako nuru nyingine, isiyoonekana kwa macho, iliyopenya karatasi nyeusi kana kwamba si kitu.

Röntgen hakukimbia kutangaza. Kwa muda wa majuma saba alijifungia kazini, akaijaribu nuru ile kwa kila kitu kilichokuwa karibu. Aliiwekea kitabu, ikapita. Aliiwekea ubao, ikapita. Aliiwekea madini ya risasi, ikazuilika. Alipoutia mkono wake mwenyewe katika njia ya nuru hiyo aliona kivuli cha mifupa yake. Tarehe 22 Desemba alimwita mkewe, Anna Bertha, akaupiga mkono wake picha juu ya kioo cha mpiga picha. Ikatoka picha ya mifupa ya vidole, na pete ikining'inia kwenye mfupa. Sababu yake si ngumu kueleweka. Nyama ya mwili ni nyepesi, huiachia nuru hiyo ipite. Mfupa una chokaa nyingi, huizuia kwa sehemu kubwa. Na chuma cha pete huizuia zaidi. Kwa hiyo picha ya eksirei ni picha ya vivuli.

Kwa kuwa hakuijua asili ya nuru ile, aliiita kwa herufi X, kama wanahesabu waitavyo kitu wasichokijua bado. Hakuchukua hati ya kuumiliki uvumbuzi wake, bali aliwaachia watu wote. Mwaka wa 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyotolewa mwaka huo kwa mara ya kwanza, na fedha zake akazitoa kwa chuo kikuu chake.

Habari hizi hazikukawia kufika Afrika. Mwaka wa 1898 jeshi la Waingereza na Wamisri lilikuwa likipanda mto Nile kwenda kupigana na majeshi ya Khalifa huko Sudani. Daktari mmoja wa jeshi, Meja John Battersby, alipewa kazi ya kuufikisha mtambo wa eksirei mpaka Abadieh, kando ya mto, palipokuwa na hospitali ya jeshi. Mtambo hauendi bila umeme, na jangwani hapakuwa na umeme. Basi walichukua baisikeli ya kupandwa na watu wawili, wakalifunga gurudumu la nyuma kwa ukanda uliozungusha dainamo, na kwa nguvu za miguu wakajaza betri. Joto nalo lilikuwa adui wa vyombo. Kwa hiyo masanduku yalivishwa nguo nzito iliyoloweshwa maji kila mara. Baada ya vita vya Omdurman, tarehe 2 Septemba, majeruhi wa jeshi la Waingereza walipigwa picha, na madaktari wakaonyeshwa mahali risasi zilipojificha, pasipo kupekua jeraha kwa chuma kama ilivyokuwa desturi. Mtambo ule uliletwa kwa ajili ya jeshi lililokuja kushambulia; Wasudani walioanguka siku ile walihesabiwa kwa maelfu. Hayo nayo ni sehemu ya historia, wala haifai kuyaficha.

Tumeitaja baisikeli ile kwa kusudi. Mtu akisoma kwamba daktari aliiona risasi mwilini, husahau miguu iliyokanyaga, ukanda uliozungusha, na mkono uliomwaga maji juu ya masanduku. Uvumbuzi wa Würzburg ulihitaji ufundi wa namna hiyo ili ufike kitandani kwa mgonjwa.

Sasa tuingie katika sehemu ya huzuni. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Watu wa kwanza walioitumia eksirei hawakuhisi maumivu yo yote ilipowapita mwilini, wakadhani haina madhara. Tena iliwalazimu kuikaribia kila siku. Chupa za zamani zilikuwa na gesi kidogo ndani yake, na tabia ya nuru ilitegemea gesi hiyo. Chupa ikizidi kutumika gesi ilibadilika, na nuru ikabadilika pamoja nayo. Hivyo, kabla ya kumpiga mgonjwa picha, fundi aliijaribu chupa kwa kuuweka mkono wake mwenyewe mbele yake na kutazama jinsi mifupa ilivyoonekana. Mkono ndio uliokuwa kipimo.

Mmoja wa watu hao ni Clarence Dally, fundi wa kupuliza kioo katika karakana ya mvumbuzi Thomas Edison huko New Jersey, Marekani. Dally alizijaribu chupa kwa mikono yake tangu mwaka wa 1896. Ngozi ikaungua, vidonda vikatoka visivyopona, hatimaye saratani ikaingia. Madaktari wakamkata mikono, walakini ugonjwa haukusimama. Akafa mwaka wa 1904, naye ana miaka 39 tu. Edison alishikwa na hofu, akaziacha kabisa kazi za eksirei.

Huko Birmingham, Uingereza, alikuwako John Hall-Edwards, daktari aliyekuwa pia bingwa wa upigaji picha, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuitumia eksirei kwa wagonjwa mwaka wa 1896. Baada ya miaka michache mikono yake ilishikwa na ugonjwa wa ngozi wenye maumivu makali. Mwaka wa 1908 ilibidi akatwe mkono wa kushoto. Hakunyamaza, aliandika na kueleza maradhi yake mwenyewe ili wengine wapate kujihadhari.

Twaweza kuuliza, kwa nini nuru isiyoumiza ikaua? Jawabu ni kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na kila chembe ina ndani yake maagizo ya kuiongoza inapojigawa na kuzaa chembe nyingine. Eksirei ipitapo yaweza kuyavunja maagizo hayo. Chembe nyingine hufa, nyingine hujitengeneza, na nyingine hubaki na kosa, ambalo baada ya miaka mingi laweza kuwa saratani. Jeraha la moto hulia papo hapo, lakini jeraha la eksirei hukaa kimya. Husemwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kuisifu akiba, walakini kwa mafundi wale kibaba kilijazwa maangamizi.

Mwaka wa 1936 mnara wa ukumbusho ulisimamishwa katika hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, Ujerumani. Uliandikwa majina zaidi ya 150 ya watu wa mataifa mbalimbali, madaktari, wanafizikia, mafundi na wauguzi, waliokufa kwa ajili ya kazi ya eksirei na radiamu. Na majina mengine yakaongezwa katika miaka iliyofuata.

Je, dawa ya msiba huu ilikuwa kuiacha eksirei? Kama watu wote wangalifanya alivyofanya Edison, mifupa mingapi ingaliungwa kombo, na wagonjwa wangapi wa kifua wasingalijulikana mapema! Dawa ilikuwa kuipatia kipimo. Na hapa ndipo fizikia na uhandisi vilipoingia kwa nguvu zote.

Hatua ya kwanza ilifanywa na William Coolidge, mtaalamu wa kampuni ya General Electric huko Schenectady, Marekani. Yeye alikuwa amekwisha kupata njia ya kuyavuta madini magumu ya tungsteni yawe uzi mwembamba wa kutiwa katika taa za umeme. Mwaka wa 1913 aliutia uzi kama huo katika chupa ya eksirei iliyotolewa hewa kabisa. Uzi ukipashwa moto hutoa chembe za umeme ziitwazo elektroni, nazo hukimbizwa na kugongeshwa madini, na hapo eksirei huzaliwa. Tangu hapo fundi alikuwa na mambo mawili chini ya mamlaka yake: joto la uzi, liongozalo wingi wa nuru, na msukumo wa umeme, uongozao nguvu ya nuru ya kupenya. Nuru ya leo ikawa sawa na nuru ya jana. Fundi hakuwa na haja tena ya kuuweka mkono wake mbele ya chupa.

Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Huko Ufaransa Bibi Marie Curie, mzaliwa wa Polandi na mwalimu wa fizikia mjini Paris, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mara mbili, aliona kwamba majeruhi wanakufa mbali na mitambo. Akakusanya motokaa, akazitia mitambo ya eksirei na dainamo zilizozungushwa na injini za motokaa zenyewe, akazipeleka karibu na mahali pa vita. Motokaa hizo zilikuwa kama 20, na vyumba vya eksirei alivyosaidia kuviweka katika hospitali vilikuwa kama 200. Akajifunza kuendesha motokaa. Akajifunza umbo la mwili wa mtu. Na pamoja na binti yake Irène akawafundisha wanawake wapatao 150 kazi ya kupiga picha hizo. Majeruhi zaidi ya milioni moja walipigwa picha katika vituo hivyo. Marie Curie alifariki mwaka wa 1934 kwa ugonjwa wa damu, ambao wengi huuhusisha na miaka yake mingi ya kuishi karibu na mionzi.

Mtambo sasa ulitawalika, lakini lugha ya kupimia ilikuwa haijapatikana. Mfanyabiashara wa Mombasa na mwenzake wa Unguja hawawezi kuuziana nguo ikiwa kila mmoja ana wari yake. Vivyo hivyo daktari wa mji mmoja hakuweza kumweleza daktari wa mji mwingine ni kiasi gani cha nuru alichompa mgonjwa. Wengine walikisia kwa kuangalia wekundu wa ngozi. Wanafizikia wakatafuta njia iliyo bora. Waliona kwamba hewa ipigwapo na eksirei hupata uwezo wa kupitisha umeme. Basi ukiupima umeme huo umekwisha kuupima wingi wa nuru. Mwaka wa 1928, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Stockholm, nchi ya Swideni, kipimo kimoja kilikubaliwa, kikaitwa kwa jina la Röntgen. Katika mkutano huo huo iliundwa halmashauri ya kimataifa ya kuwalinda watu na madhara ya eksirei na radiamu.

Siku hizi vipimo vitumikavyo zaidi vina majina ya watu wawili waliofanya kazi ya fizikia kwa ajili ya wagonjwa. Gray ni jina la Louis Harold Gray, Mwingereza. Kipimo hicho huonyesha nguvu iliyopokelewa na mwili, juli moja kwa kila kilo. Sievert ni jina la Rolf Sievert, mtu wa Swideni. Kipimo chake huonyesha uzito wa hatari inayoweza kumpata mtu. Huko shuleni twawaambia wanafunzi wetu kwamba wafalme wengi waliandika majina yao juu ya mawe, na mawe yakavunjika. Lakini watu hawa wawili majina yao hutajwa kila siku na watu wasiowajua, katika hesabu ya kumwokoa mgonjwa.

Pamoja na vipimo zilikuja kanuni za kujikinga, nazo ni tatu, nyepesi kukumbukwa. Ya kwanza ni muda: usikae karibu na mionzi kuliko inavyohitajiwa. Ya pili ni umbali: ukiuongeza umbali mara mbili, nuru ikufikiayo hupungua ikawa robo, ukiuongeza mara tatu, huwa sehemu moja ya tisa. Ya tatu ni kinga: weka madini ya risasi, au ukuta mnene, kati yako na mtambo. Ndiyo sababu mpiga picha wa eksirei hujitenga nyuma ya ukuta wakati wa kupiga picha. Mgonjwa hupigwa mara moja au mbili, bali yeye angepigwa kila siku ya kazi yake. Tena huvaa kifuani kijipimo kidogo kinachoweka hesabu ya mionzi iliyomfikia, ili kibaba chake kisijae bila kujulikana.

Baada ya kipimo kupatikana, elimu hii ilizaa matunda mapya, na moja kati yake lilichipuka katika Afrika. Mwaka wa 1956 hospitali ya Groote Schuur, mjini Cape Town, ilikuwa imeachwa na mwanafizikia wake, na sheria ilitaka awepo mtu wa elimu hiyo kusimamia matumizi ya mionzi. Aliyepatikana ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha mji ule. Kwa muda wa nusu mwaka alikwenda hospitali siku moja na nusu kila juma. Akaona kwamba tiba ya saratani kwa mionzi hupangwa kana kwamba mwili wote ni sawa, hali mfupa si pafu, na pafu si nyama. Akajiuliza: je, nikipitisha mionzi kutoka pande nyingi na kupima kilichotoka, siwezi kwa hesabu kujua kilichomo ndani? Alijaribu kwa mduara wa alumini na mbao, hesabu zikakubali. Akachapisha habari hizo mwaka wa 1963 na 1964, wala hakuna aliyezitilia maanani ila wachache. Barua moja ilitoka kwa wachunguzi wa maporomoko ya theluji huko Uswisi.

Wakati huo huo, pasipo kujua habari za Cormack, mhandisi mmoja wa Uingereza alikuwa akielekea huko huko. Godfrey Hounsfield alikuwa mtoto wa mkulima, hakuwa na shahada ya chuo kikuu, na ufundi wa rada aliufundisha katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alifanya kazi katika kampuni ya EMI, mashuhuri kwa sahani za santuri. Mtambo wake wa kwanza ulikaa juu ya kitanda cha kerezo, ile mashine ya mafundi wa chuma. Ulihitaji siku 9 kupima kitu kimoja, vipimo 28,000, kisha saa mbili na nusu za kompyuta kuvigeuza vipimo hivyo kuwa picha. Akaurekebisha mwaka hata mwaka. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mwanamke aliyedhaniwa ana uvimbe katika ubongo alipigwa picha kwa mtambo huo, na uvimbe ukaonekana waziwazi bila kufungua fuvu. Mwaka wa 1979 Cormack na Hounsfield walipewa tuzo ya Nobel ya uganga, wala hapakuwa na daktari wa wagonjwa hata mmoja kati yao.

Basi tukusanye maneno yetu. Katika hospitali itibuyo saratani kwa mionzi, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road mjini Dar es Salaam, nuru ile ile iliyomwua Dally hutumiwa kuua chembe za ugonjwa. Daktari huamua mahali na kiasi. Mwanafizikia huhesabu na kuukagua mtambo. Mtaalamu wa mionzi humlaza mgonjwa na kumwelekezea nuru bila kukosea. Na mhandisi huutunza mtambo usiharibike. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja wao akikosekana, ama mgonjwa hupata mionzi haba isiyomfaa, ama hupata mingi ya kumdhuru, ama mtambo husimama na kuwa sanduku la chuma, hata kama ulinunuliwa kwa fedha nyingi.

Kwa hiyo twawaambia wasikilizaji wetu mambo mawili. Ukiagizwa na daktari kupigwa eksirei, usiogope, kwa maana kipimo chake kimelipiwa na watu waliotangulia. Lakini usiitake kwa kujipendeza, na mwanamke aliye mja mzito aseme mapema kabla ya kuingia chumbani. Na kwenu ninyi vijana mnaouliza darasani fizikia itawafaa nini, nasi walimu wenu twasema: mtu aweza kumsaidia mgonjwa kwa kisu, na kwa dawa, aweza pia kumsaidia kwa hesabu iliyo sahihi, kwa waya uliofungwa vema, na kwa kipimo kilichopimwa mara ya pili kabla ya kubonyeza. Hospitali zetu zahitaji watu wa kazi hiyo, na mlango wake uko katika somo mlilonalo mkononi.